MPANGO MMOJA, MADAFTARI MANNE
Uhakiki wa mipango ya afya na ustawi wa jamii wilayani

Kila mwaka, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai, kila halmashauri ya Tanzania Bara huandaa Mpango Kabambe wa Afya. Mpango huo una malengo, shughuli, gharama na viashiria. Ndani yake kuna uzazi salama, malaria, kifua kikuu, lishe na usafi wa mazingira. Miongoni mwa maeneo ya kipaumbele umo pia ustawi wa jamii, yaani wazee, watu wenye ulemavu na watoto walio katika mazingira hatarishi. Kwa kuwa mambo yote haya yamo ndani ya jalada moja, tumezoea kusema kwamba huduma za afya na za ustawi wa jamii zimeunganishwa.

Makala hii inapinga kauli hiyo. Kilichounganishwa mpaka sasa ni karatasi. Huduma zenyewe bado zimegawanyika, na mgawanyiko huo unalipiwa na mtu ambaye jina lake halimo ndani ya mpango. Mtu huyo ni mwanamke anayemtunza mgonjwa, mzee au mtoto nyumbani.

Kada anapopewa mpango wowote auchambue kwa maswali matatu. Nani anafanya kazi? Nani anaamua? Matunda ya kazi yanakwenda wapi? Maswali haya tumezoea kuyauliza juu ya shamba na kiwanda. Hapana budi tuyaulize pia juu ya kitanda cha mgonjwa.

Chimbuko la mgawanyiko

Mgawanyiko huu una historia. Chini ya Waingereza, huduma za tiba zilijengwa zaidi mijini, kwenye mashamba makubwa na kwenye migodi, yaani mahali palipokuwa na nguvukazi iliyohitajika. Vijijini sehemu kubwa ya kazi iliachiwa misheni. Ustawi wa jamii ulikuja baadaye, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na miongoni mwa watu wa kwanza kushughulikiwa walikuwa askari waliorudi kutoka vitani. Hivyo mgonjwa alipelekwa kwa daktari, na mwenye shida akapelekwa kwa ofisa. Kumtunza mzee asiyejiweza hakukuwa kazi ya yeyote kati yao. Kazi hiyo iliachiwa ukoo.

Azimio la Arusha la 1967 liliwataja watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema, kama walivyoitwa wakati huo, kuwa watu wenye haki ya kuishi kwa jasho la wengine bila kuitwa wanyonyaji. Huo ulikuwa msimamo wa kijamaa ulio wazi. Lakini jasho hilo lingekuwa la nani? Jibu liko katika Azimio hilo hilo, mahali pengine, pale linapokiri kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12 au 14 kwa siku. Tukiziweka sehemu hizi mbili pamoja tunaona jambo ambalo wapangaji wetu hawakulifanyia kazi: haki ya asiyejiweza kutunzwa imewekwa juu ya mgongo wa mtu ambaye siku yake imekwisha kujaa.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifikia watu wapatao milioni 2 kupitia vikundi vya kusikiliza redio. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, na umma ukaonyesha kwamba afya si mali ya daktari peke yake. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata uliitambua afya ya msingi kuwa njia ya dunia nzima. Hata hivyo, mkazo wa wakati huo ulikuwa kinga na tiba ya kwanza. Mtu ambaye hawezi kupona, lakini pia hafi leo wala kesho, hakupata nafasi yake katika hesabu.

Mwaka 1993 ada za uchangiaji zilianza kutozwa katika hospitali za serikali. Jambo hili hutazamwa kama suala la fedha tu, lakini liligusa pia uhusiano kati ya afya na ustawi wa jamii. Mahali penye ada hapana budi pawe na msamaha, na penye msamaha lazima awepo mtu wa kuthibitisha nani ni maskini. Kazi hiyo ikamwangukia ofisa wa ustawi wa jamii. Badala ya kwenda nyumbani kupanga matunzo, muda wake mwingi ukaenda kwenye barua na mihuri.

Juu kabisa, wizara zenyewe zimeungana na kutengana. Kwa miaka kadhaa ilikuwapo Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii. Mwaka 2015 afya iliwekwa pamoja na maendeleo ya jamii, jinsia, wazee na watoto. Januari 2022 zikatenganishwa tena kuwa wizara mbili. Kwenye halmashauri afya na ustawi wa jamii vimebaki chini ya paa moja, lakini sera zao zinatoka milango miwili tofauti. Kada asidhani kwamba kubadili mabango ya ofisi ndiko kubadili huduma.

Kaya moja, madaftari manne

Nadharia ipimwe kwa hali halisi. Tuchukue mfano wa mama wa miaka 68 anayeishi na binti yake na mjukuu wa darasa la sita, katika kijiji chenye zahanati. Mama anapata kiharusi. Anapelekwa hospitali ya wilaya, analazwa, shinikizo la damu linashushwa, na baada ya siku kadhaa anaruhusiwa. Kwa kitabu cha hospitali kazi imekwisha, na imekwisha vizuri.

Nyumbani ndiko kazi inakoanza. Mama hawezi kugeuka kitandani peke yake, na asipogeuzwa kila baada ya saa chache atapata vidonda. Anahitaji mazoezi ya viungo kila siku, dawa kila siku, kulishwa, kuoshwa na kupelekwa chooni. Binti anapunguza eka aliyolima mwaka jana. Mjukuu anaanza kukosa shule siku za mnada, kwa sababu siku hizo mama yake huenda kuuza mboga na lazima abaki mtu wa kumwangalia bibi.

Sasa tuitafute kaya hii katika kumbukumbu za serikali. Mhudumu wa afya ya jamii anayo katika daftari lake la kaya, na taarifa zake zinakwenda upande wa Wizara ya Afya. Ofisa wa ustawi wa jamii anaye bibi katika orodha ya wazee wanaostahili msamaha wa matibabu. Kama kaya iliandikishwa katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza chini ya TASAF mwaka 2012, imo katika orodha ya tatu, na TASAF iko chini ya Ofisi ya Rais. Mjukuu, kama atabahatika kuonekana, ataingia katika orodha ya nne, ile ya watoto walio katika mazingira hatarishi. Hapo bado hatujataja vikundi vya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, vinavyosimamiwa na watu wa maendeleo ya jamii.

Madaftari manne yanaingia katika mlango mmoja, na hakuna hata moja linaloandika jambo lililo wazi kwa kila jirani: kwamba bibi anahitaji mtu wa kumgeuza, kwamba binti ameacha shamba, na kwamba mtoto anaacha shule. Mhudumu wa afya anaandika shinikizo la damu. Ofisa wa ustawi anaandika umri. TASAF inaandika umaskini. Mwalimu anaandika utoro. Kila mmoja ametimiza wajibu wake kwa mujibu wa mwongozo wake, na familia inazama.

Huu ndio urasimu kwa maana yake halisi. Tumezoea kudhani kwamba urasimu ni uvivu wa ofisa. Lakini maofisa wote wanne wanaweza kuwa watu wa bidii kubwa na matokeo yakawa yale yale, kwa sababu kosa limo katika mpango: unapanga kwa kufuata ofisi, na kaya inaonekana humo vipande vipande tu.

Kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Wapo wanaosema kwamba dawa ya tatizo hili ni takwimu. Hoja yao ina uzito na ina mfano wake hapa nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya ikishirikiana na taasisi ya utafiti ya Kanada ilijaribu njia mpya ya kupanga katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Watafiti walikwenda kaya kwa kaya wakiuliza nani amekufa na kwa ugonjwa gani, kisha timu za afya za wilaya zikalinganisha majibu hayo na bajeti zao. Ilionekana, kwa mfano, kwamba malaria ilisababisha karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, lakini ilikuwa ikitengewa asilimia 5 hivi tu ya fedha. Wilaya zilihamisha fedha kufuata ukweli huo. Katika miaka mitano hivi vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Huo ulikuwa mkakati kwa maana yake kamili. Kupanga kimkakati ni kuchagua, na kuchagua ni kukubali kutoa hapa ili kuweka pale. Mipango mingi inayoitwa mikakati leo haina sifa hiyo. Imetaja kila kitu, ikagawa kidogo kidogo, na isimkasirishe mtu yeyote.

Lakini tuone pia mpaka wa njia ile. Kipimo chake kilikuwa kifo. Kifo cha mtoto kilihesabika, na ilikuwa haki kihesabike. Bibi wetu, ambaye anaweza kuishi kitandani miaka minane, hana alichoongeza katika hesabu ya namna hiyo, na saa za binti yake hazimo kabisa. Ndiyo kusema kwamba takwimu nazo zina upande. Fedha hufuata kinachopimwa, na kinachopimwa huamuliwa na anayeuliza maswali. Mpaka leo hatujauliza kwa utaratibu, kijiji kwa kijiji: nani hapa hawezi kujihudumia, nani anamhudumia, na mhudumu huyo ameacha nini?

Ugonjwa wa UKIMWI ulitufundisha somo hili kwa gharama kubwa. Tangu wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, hospitali zilielemewa, na nyumba zikageuka wodi. Mabibi walilea yatima wa watoto wao. Zikaanzishwa huduma za wagonjwa majumbani, wahudumu wakafundishwa, na vifaa vikapatikana. Lakini huduma hizo zilipangwa kwa ugonjwa mmoja, kwa sehemu kubwa kwa fedha za wafadhili. Nyumba yenye mgonjwa wa UKIMWI iliweza kutembelewa, na jirani mwenye kiharusi asitembelewe, ingawa kazi ya kumgeuza mgonjwa kitandani ni ile ile. Pale fedha zilipopungua, utaratibu ulidhoofika na uzoefu ukabaki kwa akina mama wenyewe. Mpango unaotegemea mfuko wa mgeni humaliza safari yake pale mgeni anapochoka.

Nani anaamua?

Mwongozo wa TANU wa 1971 uliweka kipimo kikali: maendeleo hayana budi kuwaongezea watu uwezo wa kuamua mambo yao wenyewe. Mwaka uliofuata yakaja Madaraka Mikoani. Nia yake ilikuwa kuwasogezea wananchi madaraka, lakini halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, na mipango ikawa mikononi mwa maofisa waliotumwa kutoka juu. Ofisi ilisogea karibu na mwananchi bila uamuzi kumfikia. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, zikaanza tena kazi mwaka 1984. Somo lililobaki ni kwamba kusogeza ofisi na kusogeza madaraka ni mambo mawili tofauti.

Upande wa afya limefanyika jambo linalostahili sifa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya inapelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati, vituo vya afya na hospitali, na kamati za usimamizi zenye wajumbe wa wananchi zinashiriki kupanga matumizi. Zahanati ambayo zamani ilisubiri wilaya inunue sabuni sasa inaweza kuinunua yenyewe. Hii inathibitisha kwamba kijiji kinaweza kushika mfuko na kuutolea hesabu.

Hakuna utaratibu kama huo kwa matunzo ya nyumbani. Ofisa wa ustawi wa jamii anaweza kuitambua kaya, akaandika taarifa, akatoa rufaa. Lakini rufaa kwenda wapi? Makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge ya Dar es Salaam na Fungafunga ya Morogoro, hupokea wachache tu wasio na ndugu, nayo hayakukusudiwa kuwa jibu la kila kijiji. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 imeikabidhi familia jukumu la msingi la kumtunza mzee. Familia ni kitu chema. Lakini sera inapotaja familia bila kueleza ni nani ndani ya familia, wala atasaidiwa na nini, imemtaja binti na mke wa mwana, ikaona haya kuwataja kwa majina.

Januari 2024 ulizinduliwa mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kupata wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamume na mwanamke. Hii ni nafasi kubwa kuliko zote tulizopata tangu Mtu ni Afya. Lakini kama mhudumu huyo atapewa kila daftari la kila programu na asipewe mahali pa kupeleka anachokiona, tutakuwa tumeongeza daftari la tano. Na kama posho yake haitakuwa ya uhakika, tutakuwa tumerudia desturi ile ile ya kujenga huduma za umma juu ya kazi isiyolipwa.

Mfano wa nchi tajiri

Asije mtu akadhani kwamba tatizo hili ni la nchi maskini tu. Uskoti ilitunga sheria mwaka 2014 iliyolazimisha mamlaka za afya na halmashauri kupanga pamoja huduma za afya na za matunzo ya watu wazima. Kuanzia Aprili 2016 zilianza kazi mamlaka 31 za muungano. Kila moja inatakiwa kuwa na mpango mkakati na kuligawa eneo lake katika sehemu ndogo zisizopungua mbili, ili mipango itoke karibu na wananchi. Katika mamlaka karibu zote kuna bodi ya pamoja inayopokea fedha kutoka pande mbili.

Kuna mambo mawili ya kujifunza huko. La kwanza ni zuri: sheria ilitambua kwamba mpango bila mfuko wa pamoja ni maneno matupu. La pili ni onyo. Wafanyakazi walibaki na waajiri wao wa zamani, na fedha ziliendelea kujadiliwa kila mwaka kati ya wakubwa wawili, kila mmoja akivutia upande wake. Wagonjwa waliokwisha ruhusiwa na madaktari wameendelea kukwama vitandani hospitalini kwa kukosa mtu wa kuwahudumia nyumbani. Serikali ilipendekeza huduma moja ya taifa ya matunzo, lakini Januari 2025 ikaachana na sehemu kubwa ya mpango huo. Basi hata mahali penye fedha nyingi na sheria kamili, kazi ya matunzo isipopewa thamani yake, muungano hukwama mlangoni mwa nyumba.

Hoja ya umaskini wa nchi

Wapo watakaosema: nchi yetu haina fedha, kwanza tumalize vifo vya akina mama na watoto, matunzo ya wazee yatafuata. Hoja hii isipuuzwe. Zahanati isiyo na dawa haiwezi kuambiwa inunue magodoro ya wagonjwa wa nyumbani.

Lakini hoja hiyo inadhani kwamba leo matunzo hayagharimu kitu. Yanagharimu eka isiyolimwa, darasa la mtoto na afya ya mgongo wa mwanamke. Gharama ipo na inalipwa kila siku. Tofauti ni kwamba analipa maskini peke yake, na malipo yake hayaingii katika kitabu chochote. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imelenga malipo ya matibabu. Ni hatua muhimu, lakini matibabu ya bibi yalikuwa siku kadhaa, na matunzo yake ni miaka. Zanzibar imeonyesha njia nyingine kwa pensheni jamii iliyoanza Aprili 2016, ambayo ilimpa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi bila kumdai cheti cha umaskini. Fedha hizo si nyingi. Lakini anayezipokea ana haki, wala haombi msamaha.

Kazi ya kada

Kutokana na uchambuzi huu, makada walio katika kata na vijiji wanaweza kudai mambo manne bila kusubiri wizara ziungane tena.

Kwanza, daftari moja la kaya kwa kijiji, litunzwe na mtendaji wa kijiji na kulishwa na wote: mhudumu wa afya, ofisa wa ustawi, TASAF na mwalimu. Ndani yake iwemo safu ya mtu asiyeweza kujihudumia na safu ya anayemhudumia. Habari za ugonjwa zibaki siri ya mhudumu wa afya. Kinachohitajika katika daftari ni mahitaji ya matunzo.

Pili, meza moja. Kamati ya Huduma za Jamii ya kijiji ipo kisheria, lakini mara nyingi hukutana kujadili michango ya majengo. Iwe na ajenda ya kudumu ya matunzo, na akina mama wanaotunza wagonjwa wasikilizwe hapo kama wataalamu wa kazi wanayoifanya.

Tatu, mfuko mmoja mdogo wa matunzo katika kata, kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, utolewe hesabu mbele ya mikutano mikuu ya vijiji kama zahanati zinavyofanya kwa fedha zao. Uanze na vitu vya kawaida: nauli ya kwenda kliniki, mipira ya kutandika kitandani, fimbo za kutembelea, na posho ya mtu wa kumpokea mtunzaji siku moja kwa wiki ili akalime.

Nne, kipimo kipya. Mpango wa mwaka ujao usiulizwe tu wazee wangapi wamepewa vitambulisho. Uulizwe watunzaji wangapi wamepunguziwa mzigo, na watoto wangapi wamerudi darasani.

Mambo haya hayatamaliza tatizo. Hospitali bado zitahitaji wataalamu wa mazoezi ya viungo, na bado taifa litatakiwa kuamua kama kumtunza asiyejiweza ni wajibu wa jamii nzima au ni bahati ya kuwa na binti. Lakini kijiji chenye daftari moja na mfuko mmoja kitalidai jibu hilo kwa nguvu kuliko kijiji chenye madaftari manne.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mkutano ujao wa Kamati ya Maendeleo ya Kata utakapoletewa rasimu ya mpango, usianze na ukurasa wa bajeti. Omba kwanza kuonyeshwa ukurasa unaomtaja mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku. Kama haupo, rasimu irudishwe kwa waandishi wake ikaandikwe upya, na safari hii waanzie vijijini.